Munisagara: Wawindaji wa Ukingo wa Mkondoa

Msafiri anayetoka Kilosa kuelekea Dodoma kwa reli ya zamani hukutana na Munisagara mapema, mahali ambapo bonde la Mto Mkondoa limebanwa na milima ya Usagara, na mto, reli na njia ya miguu vinagombea ukanda mmoja mwembamba wa ardhi. Bonde hili ni mlango wa zamani wa kuingilia bara. Misafara ya Waswahili na Waarabu iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita humu. Waingereza Burton na Speke walipita mwaka 1857, na Stanley akapita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Wajerumani nao, walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 1905 hadi ikafika Kigoma mwaka 1914, waliufuata mlango huo huo.

Sisi tulikwenda kwa shughuli ndogo kuliko hizo. Ilikuwa majira ya kipupwe, likizo ya katikati ya mwaka, na tulikuwa watu wanne, wawili kati yetu watoto. Nia yetu ilikuwa kukaa chini kando ya mto na kutazama wadudu. Mzee mmoja tuliyemwamkia njiani alidhani tumepotelewa na kitu, kwa jinsi tulivyoinama. Tulipomweleza akacheka kwa upole, akasema, "Wadudu, wanangu? Hao mbona hata kwenu wapo!" Tukamjibu kuwa kwetu mjini mto umekuwa mfereji wa saruji na ukingo haupo tena. Akatikisa kichwa, akatuonyesha mahali ambapo maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha tope laini. "Basi kaeni hapo," akasema, "ila msiwaachie watoto wakaingia kilindini."

Ukingo wa mto wakati maji yanaposhuka ni ukanda wa hatua tano au sita tu. Chini kabisa kuna maji yaliyotulia nyuma ya mawe, kisha tope linalong'aa, kisha mchanga ulioloa, na mwisho mchanga mkavu unaounguza nyayo adhuhuri. Katika hatua hizo sita kuna karamu isiyokwisha. Mto hutupa hapo kila siku wadudu waliozama, ukungu wa kijani huota juu ya tope, vijinzi vidogo hufuata ukungu huo, na wanaokula vijinzi hufuata vijinzi. Ndiyo maana idadi ya wawindaji mahali hapo ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia, na kila mmoja ana mtaa wake. Aliyezoea tope huwezi kumkuta juu ya mchanga mkavu, na wa mchanga hashuki topeni.

Wa kwanza kuonekana, au tuseme wa kwanza kutukimbia, walikuwa wadudu wa tope ambao wataalamu huwaita Saldidae. Tutawaita hapa kunguni wa ukingoni, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja na kunguni kwa umbo la mdomo, ingawa damu ya mtu hawaijui. Mmoja ni mdogo kuliko punje ya mchele, mweusi mwenye madoa meupe, na macho yake ni makubwa kupita kiasi kwa kichwa kile. Ukimsogelea huruka, hupaa kidogo na kutua mbele hatua moja, kama mtu anayekuepuka sokoni bila kutaka ugomvi. Mdomo wake ni sindano. Huidunga nayo tope akitafuta mabuu yaliyojificha, na akimpata mmoja humtia mate yanayomlegeza na kumyeyusha ndani, kisha humnywa. Duniani wanajulikana zaidi ya aina 300 za hawa, na wengi wao maisha yao yote hupita pembezoni mwa maji, hawaingii ndani wala hawaendi mbali.

Juu ya mchanga ulioloa alitawala mwingine kabisa. Huyu ni mbawakawa mwenye miguu mirefu, myembamba kama uzi, na taya zilizopishana kama mikasi. Rangi yake hufanana sana na mchanga, hata watoto wakawa wanaona kivuli chake kabla ya kumwona mwenyewe. Hukimbia kwa ghafla, husimama, hugeuza kichwa, kisha hukimbia tena. Tulidhani anachezea jua. Kumbe kusimama kule kuna sababu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani waliieleza: mbawakawa huyu hukimbia kwa kasi ambayo macho yake hayawezi kuifuata, hivyo katikati ya mbio huwa ni kama kipofu. Hana budi kusimama, kulitafuta tena windo lake kwa macho, na kuondoka upya. Akiwa mbioni huinyoosha mipapasio yake miwili mbele, chini karibu na ardhi, ili imwambie kama kuna jiwe au kijiti njiani. Jamaa yake mmoja wa Australia amepimwa akikimbia mita 2.5 kwa sekunde. Kwa mtu kasi hiyo ni ya kukimbia polepole, lakini mdudu yule hana hata urefu wa kidole kidogo cha mtoto.

Mtoto wetu mdogo ndiye aliyegundua visima. Palikuwa na matundu ya mviringo katika mchanga mgumu, safi kama yaliyotobolewa kwa ncha ya kalamu, na alipoinama yakatoweka moja baada ya jingine. Alikaa kimya kwa dakika kadhaa, jambo ambalo si desturi yake, na matundu yakarudi. Hayo ni makao ya mabuu wa mbawakawa yule yule. Buu husimama wima ndani ya kisima chake na kuuziba mlango kwa kichwa chake bapa, ambacho huwa na rangi ya mchanga. Sisimizi anayepita juu ya kichwa hicho hajui kuwa amekanyaga mlango. Buu hujirusha nyuma, humdaka kwa taya na kumvuta chini. Mgongoni ana nundu yenye kulabu zinazomshikilia ukutani, ili windo lenye nguvu lisimng'oe. Mzazi hukimbiza chakula chake juu ya mchanga, na mwanawe hukingoja chake mlangoni.

Wale wateleza juu ya maji, wenye miguu mirefu iliyotandazwa, kila mtu amewaona utotoni, hivyo hatutawaeleza kwa urefu. Inatosha kusema kuwa miguu yao ina vinyweleo vinavyokataa maji, na kwamba husikia mtikisiko wa mdudu aliyeanguka majini kama buibui asikiavyo utando wake.

Wakati huo alikuja mama mmoja na ndoo, kanga mbili, na mtoto mgongoni. Tuliposalimiana na kumweleza tunachofanya, akauliza swali ambalo watoto wetu nao walikuwa wameliuliza asubuhi tulipotaka kutawadha: maji yanayotembewa na wadudu namna hii, yanafaa? Swali hilo ni la zamani. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, wanayoyafuata wengi wetu katika Afrika Mashariki, walilijadili katika milango ya twahara. Mdudu asiye na damu inayotiririka, akianguka mwenyewe majini na kufa, hayanajisi maji maadamu hayakubadilika. Na yale yaliyokuwa mbele yetu yalikuwa yakienda kwa kasi. Mama yule alifurahi, akasema yeye siku zote hutoa mdudu kwa kijiti na kuendelea, kama bibi yake alivyokuwa akifanya.

Waislamu wa zamani hawakuona haya kuwachungulia viumbe hawa. Ipo sura ya nyuki, ipo ya sisimizi na ipo ya buibui. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama, Kitab al-Hayawan, na ndani yake hakudharau kuwapa nafasi nzi, mbu na sisimizi. Alieleza pia jinsi viumbe wanavyoliana, mkubwa akimla mdogo na mdogo akimla aliye mdogo zaidi. Mahali pazuri pa kuyaona hayo ni hatua sita za ukingo.

Tulimwuliza mama yule kama katika ndoo yake huwa wanaingia wadudu bapa, wa kahawia, wenye umbo la mbegu ya boga. Akasema huwaona, na kwamba wengine wana "mayai mgongoni". Hao ndio tuliokuwa tukiwatafuta. Katika jamii hiyo ya kunguni wa majini, jike huyagandisha mayai juu ya mgongo wa dume na kwenda zake. Dume huyabeba hadi yaanguliwe. Hupanda nayo juu ya maji yapate hewa, huyapepea kwa miguu yasiote ukungu, na katika muda huo mbawa zake zimefunikwa kabisa hata hawezi kuruka. Mama akacheka sana kusikia hivyo, akasema angependa mume wake aisikie habari hii.

Kunguni hawa wa majini hula viluwiluwi vya mbu na vya vyura, na baadhi yao barani Afrika hula konokono. Konokono wa maji yaliyotulia ndio wanaohifadhi vimelea vya kichocho kabla havijamwingia mtu kupitia ngozi. Hatusemi kwamba mdudu atamlinda mtoto na kichocho. Mtoto na asioge katika maji yaliyosimama, na akikojoa damu apelekwe hospitali bila kuchelewa. Tunasema tu kuwa pale mtoni kuna anayeipunguza idadi ya konokono, na halipwi.

Kereng'ende ndio waliowapendeza watoto zaidi: wekundu, wa buluu, na wale wembamba wanaokunja mbawa mgongoni wakitua. Kereng'ende mzima hukamata mbu na nzi angani kwa miguu iliyokunjwa kama kikapu, na katika majaribio yaliyofanywa alifanikiwa zaidi ya mara 9 katika kila mashambulizi 10. Simba wa Mikumi, jirani hapo kusini, hana bahati hiyo hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya wengi wao hupita chini ya maji, wakiwa matunutu wasio na mbawa, rangi ya tope, wasiopendeza. Tunutu ana mdomo wa chini uliokunjwa chini ya kidevu kama mkono wenye koleo. Kiluwiluwi akipita karibu, mkono huo hufyatuka na kurudi kabla jicho la mtu halijaona lolote. Huko Yangon, nchini Myanmar, watafiti waliweka matunutu wa kereng'ende katika vyombo vya maji majumbani, na mbu wanaoeneza homa ya dengue wakapungua sana. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1990.

Yupo mmoja ambaye hatukumwona, kwa kuwa msimu wake ulikuwa haujafika. Ni kereng'ende wa rangi ya manjano, Pantala flavescens, ambaye huja na pepo za kaskazi. Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyeishi Maldives, alishangaa kuona visiwa vile, ambavyo karibu havina maji matamu ya juu ya ardhi, vikijaa kereng'ende kila mwezi wa Oktoba. Mwaka 2009 alichapisha maelezo yake: hutoka India, hupita visiwani, na huvuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki wakifuata mvua, kisha kizazi kingine hurudi na kusi. Mababu zetu wenye majahazi walizifuata pepo hizo hizo, na huenda kereng'ende walikuwa wakipita juu ya matanga yao. Akifika bara hutaga katika madimbwi ya mvua, na wanawe hukua kwa haraka kuliko kereng'ende wengine, kwa takribani wiki sita.

Wiki hizo sita tulizikumbuka tulipogeuka kwenda chini ya mto. Hapo palikuwa na kivuko cha mifugo. Ng'ombe walikuwa wameshuka kunywa na kupanda mara nyingi, na ukingo umebomoka kwa upana wa nyumba. Tope lilikuwa limejaa nyayo za kwato, kila unyayo umeshika maji kama kikombe, na jua linaupiga. Tuliinama juu ya vikombe hivyo kimoja kimoja. Hapakuwa na kunguni wa ukingoni wala matundu ya mbawakawa, na juu ya maji hapakuwa na anayeteleza. Walikuwepo viluwiluwi vya mbu, wamelala sambamba na uso wa maji namna walalavyo wale wa mbu wa malaria, wakijikunja kila kivuli chetu kilipowapitia.

Hili lina sababu yake. Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria katika bara letu, hupenda madimbwi madogo, mapya, yenye jua, ambayo wawindaji hawajayafikia. Katika joto, yai lake huwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 14. Tunutu mwenye haraka kuliko wote anahitaji karibu siku 40. Kwa hiyo dimbwi linalozaliwa leo na kukauka baada ya wiki tatu linatoa mbu na halitoi mlinzi. Ukingo uliotulia, wenye majani, matete na mawe, una wawindaji waliokwisha kujipanga tangu zamani. Ukingo uliochimbwa mchanga, uliolimwa hadi majini au uliokanyagwa kila siku, huwapoteza wawindaji na papo hapo kuzalisha vikombe elfu vya mbu. Tunapenda kulisema hili waziwazi kwa sababu mara nyingi hifadhi ya mto huelezwa kwetu kama jambo la wageni na watalii, ilhali nyumba zilizo karibu zaidi na vikombe vile vya kwato ni za wanakijiji wenyewe. Chandarua bado ni lazima, na dawa ni lazima.

Mto wenyewe pia hubomoa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, yakazoa reli katika bonde hili, na treni zikasimama kwa miezi. Lakini mafuriko, pamoja na madhara yake, hutandaza mchanga mpya, na mbawakawa wa mbio wanaupenda mchanga huo. Wao wamezoea kuhamishwa na mto. Wasichokizoea ni kuhamishwa kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mkulima mwenye shamba dogo katika bonde jembamba atauliza, na ana haki ya kuuliza, alime wapi. Kivuko cha mifugo hakina ugumu wa namna hiyo. Hujengwa kimoja, kikawekewa mawe, au birika la kunyweshea likawekwa mbali na ukingo, na sehemu nyingine ikaachwa ipone.

Wanaotaka kujua kama ukingo unapona hawahitaji maabara. Wataalamu wana mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania kwa kuhesabu aina za wadudu na viumbe wadogo, unaoitwa TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini. Kila jamii ina alama yake. Wale wasiostahimili uchafu wana alama kubwa, wavumilivu wana ndogo, na hesabu ya jumla husema mto una hali gani. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuanza kwa namna nyepesi zaidi: achague hatua sita za ukingo, arudi kila mwezi, na aandike amewaona wangapi na wa namna gani. Mkubwa wetu alianza siku ile ile, nyuma ya daftari lake la hesabu. Chini ya neno "kivuko" aliandika sifuri nne na neno moja, "mbu".

Usiku, baada ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani kwa mwenyeji wetu huku taa ikiwaka, kikaanguka kitu kizito mkekani kwa kishindo. Alikuwa kunguni mkubwa wa majini, mrefu kama kidole gumba, amevutwa na mwanga. Mtoto alinyoosha mkono. Mwenyeji akauzuia, akasema, "Huyo huuma, mwanangu, utalia mpaka alfajiri." Akamfunika kwa bakuli la plastiki, akapitisha kipande cha boksi chini yake, akachukua tochi, na watoto wote wawili wakamfuata gizani kuelekea mtoni kumrudisha.